Matone Baada ya Kuchuja

Kila mtu pale maabara alimwita Mwalimu, hata Profesa mwenyewe, ingawa darasa alikuwa amelipa kisogo miaka minne iliyopita. Alifundisha kemia ya sekondari miaka kumi na minane, akala chaki mpaka koo likakauka, kisha akiwa na miaka arobaini na mitatu akaamua kurudi chuoni kusomea udaktari. Watu walimcheka. Shemeji yake, seremala, alimwuliza kama anataka kuvaa joho akiwa na mkongojo mkononi. Lakini shemeji huyohuyo ndiye aliyempa magunia ya unga wa mbao tangu siku ya kwanza, bila kuuliza wa nini, maana kazi yote ya Mwalimu ilianzia kwenye unga wa mbao.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna harufu ya ndizi mbivu ambayo watu hutia kwenye sabuni na peremende. Haitoki kwenye ndizi. Hupikwa, kwa kuchemsha asidi ya siki pamoja na aina fulani ya pombe, na vitu hivyo viwili havina haraka ya kuungana, vinahitaji kichocheo. Kichocheo cha siku zote ni asidi ya salfa, ile inayotoboa nguo na kula saruji. Inafanya kazi, hilo halina ubishi, lakini ikishamaliza haitoki. Inabaki ndani ya mchanganyiko, inabidi iuawe kwa maji ya magadi, mchanganyiko uoshwe mara tatu, mara nne, na maji machafu yakamwagwe mahali. Mwalimu alitaka asidi ya aina nyingine: asidi ngumu, ya chembechembe, inayokaa chini ya chungu kama mchanga. Ifanye kazi, ichujwe, ioshwe, ikaushwe, irudi kazini kesho na keshokutwa. Pasiwe na magadi wala maji ya kumwaga.

Basi aliuchoma unga wa mbao katika tanuri lisiloingiza hewa mpaka ukawa mkaa, akaupika mkaa ule kwa asidi ili asidi ijishikize mwilini mwake, akauosha kwa maji mpaka karatasi ya kupimia ikaacha kubadilika rangi. Kilichobaki kilikuwa unga mweusi ti, mwepesi kama masizi, na ulifanya maajabu. Kwa saa mbili mavuno yalifika asilimia tisini na nne. Akauchuja, akautumia tena, na tena, mara kumi. Profesa alipoliona jedwali la matokeo aliligonga kwa kidole, akasema, "Mwalimu, hapa umemwua ndovu kwa ubua." Wakaandika makala, wakaituma kwenye jarida, na jarida likaikubali.

Ila Mwalimu hakulitoa wazo hili vitabuni. Lilitoka nyumbani kwake. Mumewe alikuwa mpishi wa chungu kikubwa katika karakana ya manukato, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na ndiye aliyemimina asidi, mwaka wa kumi na sita sasa. Mashati yake yote ya kazi yalikuwa na vitundu kama chekeche. Juu ya kifundo cha mkono wa kulia palikuwa na kovu refu, jembamba, linalong'aa kama njia ya konokono. Kikohozi chake nyumba nzima ilikuwa imekizoea. Siku asipokohoa, mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi nao, huuliza kama mwanawe yuko salama.

Mwenye karakana, mama wa makamo ambaye wote walimwita Mama Marashi, alikuwa ameukubali unga mweusi baada ya jaribio moja katika chungu kidogo. Jumatatu iliyofuata fundi mwashi angekuja kulibomoa tangi la magadi, lidude la saruji lililokula nusu ya karakana, ili pawekwe chungu cha pili. Mume wa Mwalimu aliwatangazia wenzake wote. Mtungi wa asidi, alisema, Jumatatu anaupungia mkono.

Jumatano ya wiki ile, saa kumi na moja jioni, Mwalimu alikuwa jikoni akimenya viazi, miguu imemvimba kwa kusimama, mumewe alipoingia na debe tupu.

"Mama watoto, ona," alisema, akilipindua. "Hili ndilo debe la lile jaribio letu. Wiki sita tu stoo, limetoboka. Siku hizi sijui wanatengeneza madebe kwa karatasi!"

Kitakoni mwa debe palikuwa na vitundu vitatu, kingo zake zimelika taratibu, zimekuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu.

"Ndiyo maana inanuka mpaka huku," mama mkwe alisema kutoka sebuleni. "Nyumba hii inanuka ndizi mwaka wa tatu, na sijaona hata ganda."

Mumewe alicheka. Mwalimu alipitisha kidole kwenye tundu moja, polepole.

"Na madebe mengine pale stoo?" aliuliza.

"Yapi?"

"Ya mzigo wa kawaida. Ule unaooshwa kwa magadi."

"Yale mazima. Mengine yana mwaka." Mumewe akamtazama. "Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

Akarudi kwenye viazi. Kiazi alichokishika alikimenya, akakimenya, mpaka kikabaki kama gololi.

Ukweli ni kwamba kulikuwa na jambo alilolijua kwa miezi mingi na akajitia hamnazo. Yale mavuno ya mara kumi hayakukaa mahali pamoja. Yalianza tisini na nne, yakaenda tisini na mbili, themanini na tisa, yakaendelea kuteremka kidogokidogo mpaka mara ya kumi yakafika sabini na moja. Katika makala aliandika kwamba unga kidogo hupotea kwenye karatasi ya chujio kila unapochujwa. Lilikuwa jibu la busara. Profesa hakulihoji, wahakiki wa jarida hawakulihoji, naye akaliacha lilale. Sasa debe lilikuwa limetoboka, na bati halitobolewi na siki peke yake kwa wiki sita.

Asubuhi ya Alhamisi alifika maabara kabla ya wote isipokuwa Mzee wa Chupa. Huyu alikuwa fundi wa maabara, mtu mfupi mwenye nyusi nyeupe, aliyeosha vyombo vya wanakemia miaka thelathini na kujua tabia ya kila bomba mle ndani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umewahi kuliko jogoo."

"Nataka kuchuja kitu kikiwa cha moto. Kikiwa kinachemka kabisa."

Mzee wa Chupa alikunja uso. "Utapasua glasi. Na wa kwenda kuomba glasi nyingine ni mimi, si wewe."

"Ndiyo maana nimekuomba wewe unisaidie."

Kuna kipimo ambacho kila anayefanya kazi ya vichocheo vigumu hukijua, na wengi hukikwepa. Unauacha mchanganyiko uchemke na unga wake ndani, na kazi ikifika katikati unauchuja ukiwa wa moto vilevile, kabla chochote hakijapata nafasi ya kutulia na kurudi kilikotoka. Unga unauweka kando. Kile kimiminika kitupu unakirudisha motoni. Ikiwa kazi ilikuwa inafanywa na unga, kimiminika kitalala. Kisipolala, kuna kitu kimetoka ndani ya unga kikajificha ndani yake. Mwalimu siku zote alichuja baada ya kupoza, kama kila mtu mwenye vidole anavyopenda kufanya.

Mzee wa Chupa alilipasha moto faneli la kuchujia ndani ya oveni, akalifunga kitambaa kilichochemshwa. Mwalimu alipanga vyombo viwili kwenye majiko mawili ya umeme. Cha kwanza kilikuwa na mchanganyiko na unga wake mweusi. Cha pili kilikuwa na mchanganyiko mtupu ambao haukuwahi kuonja unga, wa kulinganishia. Juu ya kila kimoja kilisimama kipoza, na pembeni kikaning'inia kijibomba chenye mistari ya vipimo. Siki na pombe vinapoungana hutoa maji, na maji hayo hupanda kama mvuke, hupoa, hudondokea kwenye kijibomba. Kazi ikikamilika maji hufika mililita tisa. Kila tone ni habari kwamba mle ndani kazi inaendelea.

Maji yalipofika mililita nne wakachuja. Mzee wa Chupa alishika faneli kwa koleo, Mwalimu akamimina, mvuke ukawapiga machoni wakageuza nyuso. Glasi haikupasuka. Unga mweusi ulibaki juu ya karatasi, umetuna kama tope. Kimiminika kilichoshuka kilikuwa safi, cha manjano kidogo. Akakitia katika chombo kingine kikavu, akakirudisha jikoni, akavuta stuli.

Dakika kumi hazikuleta kitu. Kisha kikaanza kuchemka, likaanguka tone moja. Hilo halikumshtua, huenda lilikuwa limebaki ukutani mwa bomba. Likaanguka la pili. La tatu. Akaacha kuhesabu, akawa anatazama tu mstari wa maji ukipanda: nne na nusu, tano, tano na nusu. Katika chombo cha pili, kile ambacho hakikuwahi kuonja unga, maji hayakuwa yametimiza hata mililita moja.

Mzee wa Chupa alikuwa amesimama nyuma yake, anafuta mikono kwa tambara. Shule alikuwa ameishia ya msingi.

"Mwalimu," alisema, "unga si umeutoa?"

"Nimeutoa."

"Sasa hapo nani anafanya kazi?"

"Ndiyo hiyo, mzee wangu," Mwalimu alijibu. "Ndiyo hiyo."

Baada ya saa moja maji yalisimama mililita saba na nusu. Hakulia. Aliuona mwili wake wote ukiwa mzito, kama mtu aliyebeba ndoo kilomita nzima kisha akaambiwa kisima hakikuwa hiki. Miaka mitatu hakuwa ametengeneza asidi ngumu. Alikuwa ametengeneza sifongo la mkaa lililofyonza asidi ya kawaida na kuitema kidogokidogo kila lilipochemshwa, asidi ileile ya mtungi wa mumewe. Maji baridi ya kuoshea hayakuwa na nguvu ya kuifikia katika vitundu vya ndani. Pombe ya moto ilikuwa nayo.

Akaosha vyombo, akaanza upya. Alirudia mchana. Alirudia Ijumaa asubuhi, kwa unga wa fungu jingine, akiombea safari hii awe mjinga aliyekosea kupima. Matone yalidondoka vilevile.

Ofisi ya Profesa ilikuwa imejaa maboksi. Ilikuwa imebaki miezi miwili astaafu, na alikuwa akipanga vitabu vyake kwa kukitazama kila kimoja kama anayeagana nacho. Alikuwa mtu mrefu, aliyeinama kidogo mabegani, na sauti yake ilizidi kushuka kila mwaka.

"Ingia, Mwalimu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, Profesa. Za hapa ndizo mbaya."

Akamweleza yote, kuanzia debe. Profesa alisikiliza kitabu kikiwa wazi mkononi, na Mwalimu alipomaliza hakukifunga.

"Debe lilikuwa la zamani," alisema.

"Nimefanya kipimo mara tatu."

"Faneli labda lilivuja unga."

"Karatasi mbili, Profesa. Nimekitazama kimiminika kwa darubini. Hamna chembe."

Profesa akakaa juu ya boksi. "Makala imeshakubaliwa," alisema, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba mvua imeshanyesha. "Tunaweza kuongeza sentensi. Kwamba jambo hili linahitaji uchunguzi zaidi. Watu wote huandika hivyo."

"Na karakana? Jumatatu wanabomoa tangi la magadi. Kila debe litakalotoka pale litakuwa na asidi, na ile harufu inakwenda kwenye sabuni. Watu wanaoga nayo, Profesa."

Profesa aligeuzia uso maboksi yake. Nje dirishani mtu alikuwa akiburuta kiti kwenye sakafu ya varanda, kelele ikawaingia kwenye meno. Mwalimu alijua Profesa anachokifikiria, kwa sababu na yeye alikuwa amekifikiria njia nzima. Makala ile ilikuwa ya mwisho ya Profesa. Alikuwa ameizungumzia kwa wenzake, kwa mkuu wa idara, mpaka kwa daktari wake wa meno.

"Nenda kaandae vyombo," alisema mwishowe. "Nakuja."

Alikuja na koti jeupe ambalo halikuwa limeonekana mwilini mwake kwa miaka kadhaa, limekunjamana kwa kukaa kabatini. Mzee wa Chupa alipomwona alisimama wima bila kuagizwa. Profesa alipima mwenyewe, akachuja mwenyewe. Mchanganyiko wa moto ukamrukia kidogo kwenye kiganja, akaunyonya mkono kama mtoto na kuendelea. Kisha akakaa kwenye stuli ya Mwalimu, miwani imeshuka puani, akatazama kijibomba.

Wakakaa hivyo, watu watatu, saa nzima. Matone yaliendelea kudondoka.

"Ungerudia mara ya tano," Profesa aliuliza bila kugeuka, "yangebadilika?"

"Hapana."

"Hapana," alikubali. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, ikazidi kuwa chafu. "Mficha uchi hazai. Andika barua kwa jarida, tunaiondoa. Sahihi yangu iwe ya kwanza. Nilipaswa kukuuliza swali hili mwaka wa kwanza, Mwalimu. Nililijua swali. Nilikuwa nimechoka tu kuuliza maswali ambayo majibu yake yanaweza kuwa mabaya."

Mwalimu angeweza kusema na yeye alikuwa hivyohivyo, lakini hata kinywa kilikuwa kimechoka. Akaenda kuandika barua.

Kumwambia Profesa ilikuwa nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Alimkuta mumewe amekaa kibarazani ananawa miguu, shati la kazi limeanikwa kwenye kamba. Mama mkwe alikuwa pembeni akichambua mboga. Mwalimu akakaa kwenye ngazi, akasema bila kuzunguka mbuyu, maana alijua akizunguka atapotelea hukohuko. Unga unatema asidi. Usitumike. Tangi lisibomolewe.

Mumewe aliendelea kunawa mguu uleule.

"Kwa hiyo nirudi kwenye mtungi," alisema.

"Hukuwa umetoka bado."

"Nilishatoka. Kichwani nilishatoka." Akafunga bomba. "Unajua nimewaambia watu wangapi? Yule kijana... hata yule mlinzi wa getini nimemwambia. Mke wangu kanitengenezea unga. Na miaka yote hii mshahara wangu peke yangu, kwa sababu mke wangu anatengeneza unga."

"Najua."

"Hujui, mama watoto. Wewe ukikosea unaandika barua. Mimi Jumatatu nashika mtungi."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akatundika taulo, akaingia ndani. Mama mkwe akaendelea kuchambua, majani mabovu huku, mazima kule.

"Mwache," alisema baadaye. "Huyo hasira zake hupanda kama maziwa. Ukilipuliza jungu utaungua wewe."

"Ana haki, mama."

"Nani kasema hana?"

Jumamosi asubuhi Mwalimu alikwenda karakana. Mumewe alikuwa ametangulia bila kumuaga. Mama Marashi alimpokea mlangoni, kilemba kimefungwa imara, mkononi ana ramani ya chungu kipya aliyochorewa na mwashi. Nyuma yake tangi la magadi lilikuwa limeshachorewa alama za chaki pa kuvunjwa. Mwalimu akaeleza kwa maneno mafupi. Alikuwa amegundua kwamba habari mbaya hazirefuki kadiri unavyozisema mara nyingi, zinafupika.

"Subiri kwanza," Mama Marashi alisema. "Wewe si ndiye uliyekaa hapo, kwenye benchi hilo, ukaniambia huu unga ni salama kuliko chumvi?"

"Ndiye mimi."

"Nikakupa chungu changu. Nikaita mwashi. Na sasa unaniambia umenipa asidi iliyopakwa masizi?"

"Ndivyo ilivyo, mama. Nimekosea. Ule mzigo wa jaribio pia usiuze."

"Madebe mawili yameshakwenda kwa watu wa sabuni!"

"Basi tuwapigie simu sasa hivi, nikiwa hapa. Nitazungumza nao mimi."

Mama Marashi alikuwa amefungua kinywa kwa ajili ya maneno mengine, makubwa zaidi, wakati mume wa Mwalimu alipotoka upande wa chungu. Alikuwa amevaa glovu mpaka viwikoni. Mwalimu hakujua alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Mama, debe nililibeba mimi," alimwambia bosi wake. "Nililipeleka nyumbani kwa mzaha. Yeye angeweza kucheka na mimi, tukalitupa, yakaisha. Jumatatu tangi lingekuwa kifusi, na wewe ungekuja kujua siku watu wa sabuni wanakuletea watoto wenye vipele." Akakohoa, akasubiri kikohozi kiishe. "Mimi nina hasira naye. Lakini hasira yangu ni ya nyumbani. Hapa kazini kafanya sawa."

Mama Marashi aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaikunja ramani mara nne.

"Simu iko ofisini," alisema. "Na nyinyi wawili mmeninyima chungu, naomba Mungu awape usingizi."

Madebe mawili yalirudi Jumatatu, hayajafunguliwa. Mwashi alikuja, akakuta hana kazi, akafuta alama zake za chaki kwa kitambaa chenye maji. Mume wa Mwalimu akashika mtungi.

Profesa aliagwa kwa keki na hotuba tatu fupi. Habari za makala iliyoondolewa zilikuwa zimeshaenea, na wapo waliompa mkono wakiangalia pembeni. Yeye alikula keki yake yote. Alipokuwa akitoka alimpa Mwalimu funguo za kabati lake la vifaa, akamwambia, "Uoshe tena. Si kwa maji baridi."

Na ndicho alichofanya, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya. Alichukua unga uleule mweusi, akaupika kwa pombe inayochemka, akachuja, akamwaga, akaupika tena. Siku ya kwanza pombe ilitoka chachu kama betri. Ya tatu, ikapungua. Aliendelea siku tisa, Mzee wa Chupa akimbadilishia vyombo na kunung'unika kwamba hata nguo za maiti hazioshwi hivyo. Siku ya kumi pombe ilitoka kama ilivyoingia. Kilichokuwa kimelegea chote kilikuwa kimeondoka. Swali likabaki moja: je, kuna kilichobaki?

Aliuweka motoni. Kwa saa mbili maji yalifika mililita mbili na kitu. Unga uliokuwa simba ulikuwa umegeuka kobe. Akausubiri. Saa ya tano, mililita tano. Saa ya tisa, maji yalikaribia tisa, jua limeshahamia dirisha la upande wa pili. Siku iliyofuata alichuja katikati, ukiwa wa moto, akakirudisha kimiminika kitupu, akakaa. Likaanguka tone moja, la pili. Baada ya hapo matone yakawa ya uvivu, sawa kabisa na chombo kile ambacho hakikuwahi kuonja unga.

"Leo hakuna anayefanya kazi," alisema Mzee wa Chupa.

"Leo hakuna," alisema Mwalimu, na akagundua kwamba anatabasamu, ingawa mashavu yalikuwa mazito kama ya mtu aliyetoka kung'oa jino.

Haukuwa ushindi wa kupigiwa vigelegele. Saa tisa badala ya mbili! Lakini mavuno ya mara ya kwanza na ya kumi na mbili yalikuwa yaleyale. Aliandika makala nyingine, fupi, isiyo na maneno makubwa, na ndani yake akaeleza kosa la ile ya kwanza bila kupaka rangi. Wanafunzi wawili wa idara walisema ni makala ya kuchosha. Hakuwabishia.

Mama Marashi alichukua miezi saba kukubali kumwona tena, na alipokubali alimtaka aje na debe, aliache stoo, waonane baada ya miezi mitatu. Debe likakaa bila kutoboka. Baada ya hapo akakitoa chungu kidogo kitumie unga, siku tatu kwa wiki. Chungu kikubwa kikabaki na asidi, kwa sababu wateja wa mzigo mkubwa hawasubiri saa tisa, na tangi la magadi likabaki palepale. Siku tatu mume wa Mwalimu anakaa na unga. Siku nyingine tatu bado anamimina, kwa zamu na mwenzake. Kikohozi kimepungua kidogo, au labda wameacha kukisikiliza.

Hasira zake hazikuisha kwa siku moja. Zilipungua taratibu, na hakuna aliyeweza kusema ni lini hasa alianza tena kumwita mama watoto badala ya kunyamaza.

Alasiri moja, wiki chache baada ya kutetea utafiti wake na kupita, Mwalimu alikwenda karakana kuchukua sampuli ya mzunguko wa kumi na tano. Alimkuta mumewe amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya chungu kidogo, miguu ameinyoosha, macho kwenye kipimajoto.

"Miaka kumi na saba hapa," mumewe alisema, "sikuwahi kukaa kitini. Ile asidi haikupi nafasi. Ukigeuka tu, imeshachemka. Huu unga wako mvivu, basi na mimi nimekuwa mvivu."

"Umebakiza saa ngapi?"

"Tatu hivi." Akaamka, akaenda ofisini kwa Mama Marashi, akarudi na kiti kingine, akakiweka kando ya chake. "Kaa."

"Nina sampuli ya kupeleka."

"Sampuli haijaiva. Kaa, mama watoto."

Akakaa. Akaweka mkoba mapajani, akauegemeza mgongo wake, akasema anafumba macho dakika mbili tu. Mumewe alikisogeza kiti chake upande wa jua ili kivuli chake kimwangukie mkewe usoni, akarudisha macho kwenye kipimajoto, akaandika jotoridi la saa kumi.